Mbao za Mzee Hazipimwi

Kwenye karakana yetu, paa lolote huanza na Bibi.

Bibi ni kombamoyo la kwanza kukatwa, yaani ile mbao ya mshazari inayoshuka kutoka juu ya paa mpaka ukutani na kubeba mabati. Baba huchagua mbao iliyonyooka kuliko zote, inapimwa, inakatwa bila haraka, halafu inapelekwa kujaribiwa kwenye jengo lenyewe. Ikikaa, inapakwa mkaa ubavuni, na tangu hapo inaitwa Bibi. Makombamoyo mengine yote huchorwa kwa kulazwa juu yake, moja moja. Hakuna linalochorwa kwa kulazwa juu ya mwenzake, hata kama mwenzake ametoka kukatwa sasa hivi, kwa sababu mstari wa penseli nao una unene, na unene huo ukirithishwa unazaa. Baba alizoea kusema mtoto afanane na bibi yake; akifanana na jirani, kikao kitaitishwa. Wateja walicheka, na mapaa yetu hayakuvuja.

Yakishakatwa, hurudishwa kwa Bibi mara ya pili. Hulazwa ubavu kwa ubavu, na mtu hupitisha kidole kwenye ncha zote mbili na kwenye pengo linalokalia ukuta. Kidole kikikwama, mbao haitoki mlangoni. Bibi mwenyewe hupanda juu mwisho kabisa, wajukuu wakishakaa wote.

Mbao alizokata Baba kwa mkono wake peke yake ndizo hazikurudishwa kwa Bibi. Kaka yangu, enzi za ujana wake, aliwahi kuilaza moja, na Baba akamwuliza kama angependa na yeye alazwe chini apimwe kimo. Hapo ndipo tulipojua kwamba mbao za Mzee hazipimwi.

Mimi niliingia karakana kama mshika mkia. Mbao ndefu inapokatwa lazima mtu aishike upande wa pili, asiinue wala asishushe, la sivyo inabana msumeno au inapasuka kabla ya kukatika. Baba alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi na mkono wake wa kulia haukurudi kuwa mkono. Mama alikuwa ameshatutoka. Kaka alikuwa juu ya mapaa ya watu akipigilia. Basi nikatolewa shule kabla sijamaliza ya msingi, nikaambiwa ni kwa muda, mpaka Baba apone. Mkono haukupona, na shule haikunisubiri.

Kidogo kidogo nikasogea. Kwanza nilimalizia pale Baba alipochoka. Halafu nikaanza mimi, yeye akimalizia. Halafu akawa anakaa kwenye kigoda na kunielekeza, na mwisho akaacha hata kuelekeza, akawa anakaa tu. Mkia ukashikwa na jiwe nililolifunga kwenye gunia. Kwa miaka kadhaa sasa kila mbao ya mshazari iliyotoka kwenye mlango ule niliikata mimi, na hakuna mteja aliyejua. Mteja akibisha hodi, Baba alisimama na kuchukua msumeno, nami nikachukua ufagio. Watu walimkuta mzee mwenye shati safi ameshika msumeno, na msichana mwenye unga wa mbao mpaka kwenye kope ameshika ufagio, wakamsifu mzee. Sikuwahi kusema neno. Mbele za watu koo langu hufunga, nimekuwa hivyo tangu utoto. Kaka alinipa jina la Bubu, na mtaa mzima ukalipokea kama zawadi. Alipenda kuniambia kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi hata mshindo sina.

Yeye mtaani walimwita Meya, kwa sababu hupenda kutoa amri akiwa mahali pa juu.

Watu wanadhani mtu asiyesema hana hasira. Hasira yangu ilikuwepo. Nilikuwa nikiifagia pamoja na unga wa mbao, naisukuma pembeni nyuma ya mlango, na kesho yake nakuta imerudi.

Kazi ya Nesi ilipokuja, mambo nyumbani yalikuwa yameshachacha. Shangazi alikuwa anataka msichana wa kumlelea watoto, na Kaka alikuwa anataka kumleta karakana shemeji yake, mdogo wa mke wake, ambaye alisemekana ana nguvu za punda. Hesabu ikawa rahisi kwake: mimi niende kwa Shangazi, shemeji akae kwenye benchi langu. Walilizungumza mbele yangu wakati nawawekea maji ya kunawa, kana kwamba wanazungumzia kuhamisha kabati. Baba hakukubali na hakukataa. Alisema tungoje paa la Nesi. Likikaa vizuri, alisema, huyu mtoto atabaki, na nitasimama mimi mwenyewe mbele ya Nesi niseme nani fundi. Lisipokaa, Shangazi anamhitaji.

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Niliyashika kama mtu anavyoshika ukingo wa kisima.

Nesi alikuwa amestaafu, anaishi peke yake kwenye kibanda cha mbao mwisho wa kichochoro, kibanda kidogo lakini kisafi, madirisha yamepakwa rangi ya buluu. Alitaka paa lirefushwe kwa nyuma ili kipatikane chumba cha dada yake, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Alikuwa mama wa maneno machache, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kama anatafuta pa kumchoma sindano.

Haikuwa kazi kubwa, ila ilikuwa na ujanja wake. Paa la zamani lilikuwa na mteremko mkali. La nyongeza lilipaswa kulala zaidi, vinginevyo dada mtu angeingia chumbani kwa kutambaa. Kwa hiyo kila kombamoyo lilihitaji kukatwa mshazari kichwani, ili likumbatie ule mhimili uliopigiliwa kwenye ukuta wa kibanda, na kuchongwa pengo chini, ili likalie ukuta mpya. Mshazari ukikosea kidogo kichwani, unabaki mwanya. Pengo likisogea kidogo, mguu unaning'inia nje ya ukuta.

Nilichukua mshazari kwa skwea ya kukunja ya Baba, ile ya kupimia pembe, ambayo nati yake imelika na hufungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Nikamkata Bibi. Kaka akambeba mpaka kwa Nesi, akamjaribu, akarudi akasema amekaa kama mlango uliofungwa. Hakusema ni kazi nzuri, ila alipokuwa akisema alimpigapiga Bibi kwa kiganja, kama mtu anavyompigapiga ng'ombe wake.

Nikakata wajukuu. Kila mmoja nilimlaza kwa Bibi, nikamchora, nikamkata, nikamrudisha, nikapitisha kidole. Jioni nilimtundika Bibi kwenye kulabu za juu ya dirisha, asije akakanyagwa, nikafunga mlango. Kisha Nesi akatuma ujumbe kwamba angependa paa lisogee mpaka lifunike na sehemu ya kufulia, kwa hiyo mbao ziongezwe. Na usiku huohuo homa ikanishika.

Nililala siku nzima nikitetemeka. Nilipoamka asubuhi ya pili na kuburura miguu hadi karakana, nilikuta makombamoyo yote yamekamilika, yamepangwa kwenye mkokoteni, yamefungwa kamba. Na nikamkuta Baba kwenye kigoda chake. Unga wa mbao ulikuwa kwenye nywele zake, kwenye nyusi, kwenye shati. Alikuwa amechoka mpaka midomo imekauka, lakini uso wake ulikuwa uso ambao sikuwa nimeuona tangu aanguke. Alinitazama kama mtoto aliyevaa viatu vyake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Akasema, zimekwisha.

Nilizitazama zile za nyongeza. Zilikuwa zimekatwa kwa mkono wa kushoto. Anayekata kwa kushoto huigeuza mbao, kwa hiyo nyuzi hupasukia ubavu ule mwingine, si ule zinakopasukia nikikata mimi. Kwa kweli nilimfurahia. Halafu nikainua macho juu ya dirisha. Bibi alikuwa kwenye kulabu zake kama nilivyomwacha, na shati langu la kazi lilikuwa bado limening'inizwa kwenye ncha yake. Hakuna aliyemshusha.

Nikasema kwa sauti ya chini, "Baba, nizilaze?"

"Za nani?"

Hivyo tu. Za nani. Nikafunga mdomo.

Kwa Nesi, Kaka alipanda juu ya ukuta, mimi nikawa nampa mbao kutoka chini, Baba akasimama pembeni na futi yake mkononi, kama bwana arusi asiyejua aketi wapi. Nilipanga niliyoyakata mimi yatangulie. Yalikaa moja baada ya jingine, kichwa kikikumbatia mhimili, mguu ukikalia ukuta, na Kaka akawa anapiga misumari akiimba. Nesi alitoka na kiti, akakaa kivulini kutazama. Alimwambia Baba kwamba mkono wake bado una baraka. Baba akainamisha kichwa, akapokea.

Nilimngoja aseme. Nafasi ilikuwa ile, wazi kama mlango. Hakusema.

Kisha zikaja zile za nyongeza. Ya kwanza ililalamika kidogo, Kaka akaibembeleza kwa nyundo ikaingia. Ya pili ilibaki na mwanya kichwani. Ya tatu pengo lake lilikuwa limepita ukuta, hata ukilisukuma. Iliyofuata ikapita zaidi. Kaka aliacha kuimba. Alijaribu nyingine, akaitoa, akajaribu nyingine. Kila moja ilikuwa ndefu kuliko iliyoitangulia, na mishazari nayo ilikuwa imeanza kufungua midomo.

Aliketi juu ya ukuta miguu ikining'inia, akafuta jasho, akatazama chini. Hakunitazama mimi kwanza. Alimtazama Nesi, kwa sababu Meya lazima awe na hadhara.

"Nesi, utatuwia radhi," akasema. "Ukweli nikuambie. Mkono wa Mzee haukati tena siku nyingi. Anayekata ni huyu Bubu. Tunamficha kama kidonda. Leo ndiyo umeona matunda yake."

Watu waliokuwa wakipita kichochoroni wakapunguza mwendo. Mwanamke mwenye ndoo alisimama kabisa.

Kaka hakuishia hapo. Alieleza jinsi mtoto wa kike anavyokata mbao kama anakata mchicha. Alisema darasa lenyewe lilimshinda, itakuwa mshazari. Mwanamke wa ndoo akacheka, halafu akaona sicheki, akahamisha ndoo mkono wa pili. Kaka akamalizia kwamba jambo hili limeshaamuliwa na mbao zenyewe, kesho naondoka kwenda kwa Shangazi, na shemeji yake atakuja kuokoa kazi.

Mimi sikuwa nikimtazama yeye. Nilikuwa namtazama Baba.

Alijua. Mtaa mzima ungeweza kudanganyika, lakini yeye alijua ni mkono wa nani uliozikata. Alikuwa anavuta ncha ya futi na kuiachia irudi, anaivuta na kuiachia. Nilimngoja kama nilivyokuwa nimengoja miaka yote. Nilidhani, sasa. Sasa hawezi kukaa kimya, maana si kuninyima sifa tena, ni kunivisha kosa lake.

Baba akasema, "Kaka yako ameshasema."

Sijui kama kuna mtu amewahi kumwagiwa maji ya moto akasimama pale pale. Mbao zilipokaa, zilikuwa zake. Zilipokataa kukaa, zikawa zangu. Kama ningefungua mdomo pale, ningelia, na wangesema ona, analia.

Nikageuka nikatoka.

Kaka alinipigia kelele kwamba nisisahau kufungasha. Nilipita katikati ya watu kichochoroni bila kusalimia mtu, mimi ambaye hata kuku ningempisha. Nilitembea kwa nguvu mpaka kandambili moja ikakatika, nikaiacha hapo hapo, nikaivua na ya pili. Karakana ilikuwa wazi. Nilipanda juu ya kigoda cha Baba, nikamtoa Bibi kwenye kulabu, nikalitupa chini lile shati, nikamweka begani.

Bibi ni mrefu kuliko kichochoro kilivyo kipana. Kila kona ilibidi nisimame, nimzungushe, niingize ncha kwanza. Muuza vitumbua aliniuliza kama nahama na nyumba. Mtu mwingine akasema nendeni mkawaite wakubwa, Bubu leo ana lake. Mbao ilinichuna bega na sikujali, nilitaka inichune. Njia nzima nilikuwa nikirudia moyoni nitakachosema, na kila nikifika mwisho wa sentensi mwanzo unapotea.

Nilipofika walikuwa bado pale. Kaka alikuwa ameshaanza kumweleza Nesi kuhusu shemeji. Nilimlaza Bibi chini kwenye nyasi, kando ya kamba ya kuanikia nguo, ubavu wenye mkaa ukiangalia juu. Kisha nikanyoosha mikono juu ya ukuta.

"Nipe."

Kaka akauliza anipe nini, sadaka?

"Zilizokataa. Zishushe."

Akaanza kunielimisha kwamba mimi na kazi hii tumemalizana, mdogo wangu, usituzidishie aibu. Nesi hakuinuka kwenye kiti chake. Alisema tu, kwa ile sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha mikono itolewe na kaptula zishushwe, "Shusha, baba."

Meya akashusha.

Niliilaza ya kwanza ubavu wa Bibi, miguu ikilingana. Kichwani ilizidi kwa unene wa kucha. Nikalaza ya pili kando yake. Ikazidi kucha mbili. Nikalaza na nyingine, na nyingine, mpaka zikalala zote kwenye nyasi, na vichwa vyao vikafanya ngazi, kila kimoja kimepanda kidogo juu ya mwenzake. Hata mwanamke wa ndoo aliiona. Nesi aliacha kiti, akaja akainama, mikono magotini.

Kisha nikaenda ukutani nikachukua mojawapo ya niliyokata mimi, ambalo lilikuwa halijapigiliwa bado, nikalilaza upande wa pili wa Bibi. Nikapitisha kidole. Nikamshika Nesi mkono, sijui nilipata wapi ujasiri wa kumshika mtu mzima mkono, nikapitisha kidole chake pia.

"Hili nililikata mimi," nikasema. Sauti ilitoka imekwaruza, kama bawaba isiyotiwa mafuta. "Nililichora kwa Bibi. Hizi hazikuchorwa kwa Bibi. Mtu alichora ya kwanza kwa mjukuu, ya pili akaichora kwa ile ya kwanza, ya tatu kwa ile ya pili. Penseli ikawa inazaa. Nami sikukata hata moja. Nilikuwa na homa."

Kaka alicheka kicheko kifupi. "Basi zilikatwa na nani, na jini?"

"Angalia nyuzi zimepasukia wapi."

Alishuka. Kwa mara ya kwanza siku ile alishuka kwenye ukuta wake. Alichuchumaa, akapitisha kidole gumba kwenye ncha ya moja, akaigeuza, akaitazama nyingine. Kaka yangu ana mdomo, lakini si kipofu, amelelewa kwenye mbao kama mimi. Nilimwona anafika pale nilipofika. Alinyanyua macho kwa Baba, halafu akayashusha haraka, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mzazi anavaa.

"Mkono wa kushoto," akasema polepole, na si kwa mtu yeyote.

Hapo ningeweza kuacha. Kila aliyepaswa kujua alikuwa ameshajua, na heshima ya mzee ingebaki imefunikwa kwa kitambaa chembamba. Nilijua hivyo. Ndivyo msichana aliyelelewa vizuri angefanya, angefunika. Lakini mimi nilikuwa nimefunika tangu nilipokuwa mdogo wa kutofika benchi, na kifuniko chenyewe ndicho kilikuwa kinanipeleka kwa Shangazi.

Nikamgeukia. Futi ilikuwa imetulia mkononi mwake.

"Sema, Baba."

Alitazama makombamoyo kwenye nyasi. Alitazama mkono wake wa kulia, ule uliokunjamana kama jani lililoungua. Nilidhani atanikemea, na nilikuwa tayari. Nakiri kwamba nilitamani anikemee, ili niendelee kuwaka bila kumwonea huruma.

"Bibi alikuwa juu," akasema. "Mkono haukufika."

Kamba ya nguo ilikuwa ikigongagonga nguzo yake.

Akaendelea, taratibu, kama anajieleza kwa Bibi mwenyewe na si kwa sisi. Alisema alipoona sipo alifikiri ni siku yake. Alitaka akate moja tu. Alipomaliza moja akaona imetoka nzuri, akatamani nyingine. Kumshusha Bibi kungehitaji mtu, na akimwita mtu, haitakuwa tena kazi yake. Kwa hiyo akatumia iliyokuwa karibu.

Nesi alisikiliza kama anavyosikiliza mgonjwa anayeficha dalili. Akamwuliza, "Na haya yaliyokaa? Na paa la jirani yangu hapo mbele? Na la zahanati?"

Baba alinyoosha kidevu upande wangu. "Huyu."

Kidevu. Baada ya yote yale, kidevu, na neno moja ambalo hutumiwa hata kwa mbuzi. Ile hasira iliyokuwa imeanza kushuka ikapanda upya mpaka kwenye meno.

"Huyu nani, Baba?"

Alinitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alinitazama bila kuangalia nimeshika nini.

"Huyu fundi," akasema. "Binti yangu. Ndiye fundi." Akameza mate. "Shangazi atafute mtu mwingine."

Kaka alijikohoza. Nilisubiri mzaha, maana kwake mzaha ni kama pumzi. Badala yake akauliza mbao zile zinaokoleka au tutafute nyingine. Aliniuliza mimi. Nikamwambia zinaokoleka, zimezidi, hazijapungua. Nitazikata upya kichwani kwa mshazari wa Bibi, mapengo yatarudi mahali pake yenyewe. Nikamwambia pia asilete jina la Bubu juu ya paa hili. Akasema sawa. Hakuomba radhi, na mimi sikumwachia nafasi ya kuonekana anaomba.

Mwanamke wa ndoo akaondoka kwenda kueneza habari. Nilimwona anavyokaza mwendo, maji yakimwagika.

Nikapanga vigogo viwili kwenye nyasi viwe benchi. Nikaitoa skwea kwenye mkokoteni, nikafungua ukanda wake wa mpira, nikaiegemeza kwenye kichwa cha Bibi, nikaukaza tena. Nikamwendea Baba, nikaichomoa penseli kwenye sikio lake. Hakuuliza. Nikachora mstari wa kwanza, nikachukua msumeno, na ndipo nikakumbuka kwamba jiwe langu la mkia liko karakana.

Nilitazama huku na huku nikitafuta chochote kizito. Kaka alikuwa ameshapanda. Nesi alikuwa ameweka mikono kiunoni, anangoja. Baba akatoka pale alipokuwa amesimama, akazunguka vigogo, akaenda mpaka mwisho wa mbao, akaishika kwa mkono wa kushoto.

"Usiinue," nikamwambia. "Wala usishushe."

Yalikuwa maneno yake, aliyoniambia siku ya kwanza, nikiwa bado nimevaa sketi ya shule. Sikuyasema kwa upole. Akaitikia kwa kichwa.

Nikaanza kukata. Msumeno uliingia vizuri, unga ukaanza kudondoka kwenye miguu yangu mitupu. Katikati ya mbao nikahisi inatikisika, kidogo kidogo, kutoka kule mwisho. Mkono wake wa kushoto nao ulikuwa unatetemeka, sijui kwa uchovu wa jana au kwa nini. Mbao ikitetemeka mstari unapotea.

Nikasimamisha msumeno. Sikumtazama usoni, na sikumwambia pole. Bado nilikuwa na hasira naye, na ninayo mpaka leo ninapoandika, ingawa tunakula sahani moja. Nilishika msumeno ndani ya mkato wake, nikakazia macho mstari, nikangoja mbao itulie. Ilipotulia, nikaendelea.